Saratani ya figo ni ya vinasaba, lakini ni mara chache iwe ya kurithi

Baba yangu mdogo alirudi kutoka hospitali na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa majibu ya kipimo cha kinyama: saratani ya figo ya kushoto, aina ya seli angavu. Ya pili ilikuwa ushauri wa daktari kwamba uvimbe huo upimwe vinasaba. Jioni ile, sebuleni kwao Tanga, hofu mbili zikaingia kwa mpigo mmoja. Mama mdogo alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemwambia daktari kwamba watoto si wa mumewe. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, kupima vinasaba maana yake ni kutafuta nani baba wa nani. Binti yao wa pili akaja na swali jingine: "Kaka, kama ni ya vinasaba, basi na sisi tunayo?"

Katika ukoo mimi ndiye niliyesomea biolojia, kwa hiyo macho yote yaligeukia kwangu. Nilijibu vibaya usiku ule, kwa haraka, na sikuwatoa hofu. Yafuatayo ndiyo maelezo niliyoyapanga baadaye, nikayarudia kwao taratibu, na nayaandika hapa kwa sababu nimeshakutana na familia nyingine tatu zenye mkanganyiko uleule.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe, maana tumelibebesha mizigo mitatu. Tukisema "vinasaba" huenda tunamaanisha undugu wa damu. Huenda tunamaanisha kitu ulichorithi kwa wazazi wako. Au tunamaanisha maandishi yaliyomo ndani ya kila seli ya mwili, yawe yamerithiwa hivyo au yameharibika ukubwani. Daktari alikuwa anasema hilo la tatu. Kwa maana hiyo, kila saratani ya figo ni ugonjwa wa vinasaba. Zile zinazotokana na kosa la kurithi ni takribani 5 hadi 8 tu katika kila 100.

Herufi moja ikiongezeka

Mwili umejengwa kwa seli, na karibu kila seli ina kiini. Ndani ya kiini kuna maandishi marefu ya herufi nne tu, zikijirudia kwa mpangilio tofauti hadi kufikia herufi kama bilioni 3. Maandishi hayo ndiyo DNA. Yamekunjwa katika mabunda yaitwayo kromosomu, jozi 23, bunda moja la kila jozi likiwa limetoka kwa mama na la pili kwa baba. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zinazofanya kazi za seli. Jeni za namna hiyo tunazo karibu 20,000.

Seli ikigawanyika inanakili maandishi yote. Iko mitambo ya kukagua na kusahihisha, na inafanya kazi vizuri mno, ila makosa machache hupenya. Chukua neno "funga". Ongeza herufi moja, linakuwa "fungua". Aliyeagizwa kufunga bomba sasa ameagizwa kulifungua, na agizo linasomeka vizuri kabisa. Kosa jingine ni ukurasa mzima kuchanika na kupotea. La tatu ni la kimyakimya: maneno yapo sawasawa, lakini kurasa zimegandishwa na seli haiwezi kuzisoma. Katika figo zinaonekana njia zote tatu.

Kosa linalotokea ndani ya seli ya figo ukiwa na miaka 15 hubaki kwa seli hiyo na zile zinazozaliwa kutokana nayo. Haliendi kwenye yai la uzazi wala kwenye mbegu. Huwezi kumrithisha mwanao kosa hilo, kama usivyoweza kumrithisha kovu la goti ulilolipata ukicheza mpira. Ili kosa lirithiwe ni lazima liwe kwenye yai au mbegu iliyomfanya mtoto, na hapo litakuwemo katika kila seli yake tangu tumboni.

Kwa hiyo kipimo alichoandikiwa baba mdogo kilikuwa kinasoma makosa ya uvimbe. Kinyama kinachopimwa ni cha uvimbe wenyewe, na kinachotafutwa ni jeni zipi zimeharibika humo. Watoto wa mtu hawatajwi popote katika majibu hayo. Mama mdogo aliniomba nirudie sentensi hiyo mara mbili.

Figo ya mbuzi juu ya ubao

Kesho yake nilipita buchani nikanunua figo mbili za mbuzi. Nikaziweka kwenye ubao wa jikoni, nikaipasua moja kwa urefu, wakasogea wote kutazama. Nje kuna ukanda wa kahawia, mnene kama ganda la chungwa. Ndani ya ukanda huo rangi inabadilika, na unaona mistari midogo ikielekea katikati, mahali mkojo unapokusanyika. Vidole vyako vikipita juu yake vinahisi tofauti: nje kumeshikana, ndani kuna nyuzinyuzi.

Figo ya binadamu ni kama ngumi, na kila moja ina vichujio karibu milioni 1, kila kichujio kikiwa na mrija wake. Kwa siku moja figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu au mbili zitoke kama mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha hufanywa zaidi na seli za sehemu ya mwanzo ya mirija, kwenye ule ukanda wa nje. Zinatumia oksijeni nyingi, na sumu nyingi zinazopita mwilini hupita mbele yao. Saratani ya seli angavu huanzia hapo. Kwa watu wazima ni karibu 75 katika kila saratani 100 za figo.

Jina la "angavu" linatokana na maabara. Seli hizo zimejaa mafuta na sukari. Kinyama kikiandaliwa kwa kemikali kabla ya kutazamwa kwa hadubini, mafuta na sukari huoshwa, na seli zinabaki kama vyumba vitupu vyeupe. Uvimbe wenyewe, ukikatwa, una rangi ya manjano kwa sababu ya mafuta hayohayo.

Mbiu inayolia bila jambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndani ya seli kuna protini inayofanya kazi ya mbiu hiyo, inaitwa HIF. Oksijeni ikipungua, HIF inalia, na seli inatii: inaagiza mishipa mipya ya damu, inabadili namna ya kutumia sukari, na figo inaamrisha chembe nyekundu zaidi za damu zitengenezwe. Mtu anayepanda Kilimanjaro anaokolewa na mbiu hii kila siku anayokaa juu.

Ajabu ya mpango huu ni kwamba HIF haisubiri hewa ipungue ndipo itengenezwe. Inatengenezwa muda wote, na muda wote inakamatwa na kuvunjwa. Oksijeni ikiwepo, inatumika kuweka alama juu ya HIF. Protini nyingine, VHL, inaiona alama, inaishika HIF na kuipeleka ikavunjwe. Oksijeni ikikosekana, alama haiwekwi, VHL haina cha kushika, na mbiu inalia. Kwa kugundua jinsi seli zinavyohisi oksijeni, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kaelin alilifikia jambo hilo akichunguza jeni ya VHL na saratani zinazoambatana nayo.

Sasa iharibu jeni ya VHL. Mbiu inalia usiku na mchana ilhali hewa ipo tele. Fikiria mtaa ambao maji yanatoka vizuri, lakini mtu anapita kila saa na kipaza sauti akitangaza kwamba maji yamekatika. Watu wanachimba mitaro, wanaunga mabomba, wanaita maboza, hadi barabara haipitiki. Uvimbe wa seli angavu ndivyo ulivyo: umejaa mishipa ya damu isiyo na mpango, myembamba, inayovuja. Ndiyo sababu mojawapo mkojo unaweza kuja na damu. Na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hukutwa na damu nzito kupita kawaida, kwa kuwa lile agizo la kuongeza chembe nyekundu halikomi.

Funguo mbili, na kromosomu ya tatu

Kila jeni unazo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, kama nyumba yenye funguo mbili. Ukipoteza mmoja bado unaingia. Ili VHL ikome kabisa kufanya kazi, nakala zote mbili ni lazima ziharibike ndani ya seli moja. Hesabu hii ya mapigo mawili aliieleza daktari wa Marekani, Alfred Knudson, mwaka 1971, akizungumzia saratani ya jicho la watoto, na inaifafanua figo vizuri vilevile. Kwa mtu wa kawaida mapigo yote mawili hutokea maishani, kwenye seli ileile, jambo lisilo la kawaida, na hivyo saratani huja uzeeni, uvimbe mmoja, figo moja. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu ameanza maisha na ufunguo mmoja katika kila seli. Kwake inatosha upotee huo mmoja tu, popote, na kwa hiyo uvimbe huja mapema, huwa mwingi, na mara nyingi katika figo zote mbili.

Hao ndio wenye ugonjwa wa von Hippel-Lindau, ulioipa jeni ya VHL jina lake. Eugen von Hippel alikuwa daktari wa macho Mjerumani, Arvid Lindau mtaalamu wa magonjwa kutoka Uswidi. Kila mmoja aliona sehemu ya ugonjwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu watu hawa hupata pia uvimbe wa mishipa ya damu kwenye jicho, ubongo na uti wa mgongo. Ni mtu mmoja hivi katika kila 36,000. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, katika mkono mfupi wa kromosomu ya tatu.

Kumbuka anwani hiyo, maana ndiyo kiini cha habari. Katika mkono huohuo mfupi zimepangana jirani jeni nyingine tatu zinazolinda seli: PBRM1, SETD2 na BAP1. Zinahusika na namna maandishi yanavyokunjwa na kukunjuliwa ndani ya kiini, kama kanga katika sanduku. Zikiharibika, agizo lililotakiwa kukaa chini linaibuka juu, na lililotakiwa kusomwa halipatikani. Mkono mfupi wa kromosomu ya tatu ukikatika, nakala moja ya jeni zote nne huondoka mara moja. Hilo limeonekana katika zaidi ya saratani 90 kati ya kila 100 za seli angavu.

Unakatikaje? Mara nyingi kwa kishindo kimoja. Seli ikigawanyika vibaya, kromosomu inaweza kusambaratika vipande na kuungwa upya ovyo. Chukua kanga mbili za sanduku lile, ya tatu na ya tano, zichane vipande, kisha mpe mtu azishone gizani. Vipande vingine vya kanga ya tatu vitapotea, vingine vya kanga ya tano vitaingizwa mara mbili, na jina lililoandikwa pindoni halitasomeka tena. Ndivyo ilivyo hasa: mara nyingi kipande cha kromosomu ya tatu hupotea wakati uleule kipande cha kromosomu ya tano kinapoongezeka.

Mwaka 2018 watafiti walihesabu makosa yaliyorundikana kwenye saratani hizi, wakarudi nyuma kama mtu anayehesabu duara za mti, wakaona kwamba kishindo hicho cha kwanza kwa kawaida hutokea utotoni au ujanani, miaka 30 hadi 50 kabla uvimbe haujagunduliwa. Wakati huo ni seli chache tu, pengine mia kadhaa, ndani ya figo nzima isiyo na dalili yoyote.

Hapa nilimtazama mama mdogo. Wiki nzima alikuwa akijilaumu kwa chumvi, kwa tui la nazi, kwa mkaa aliopikia. Pigo la kwanza pengine lilimpata mumewe akiwa kijana wa shule, kabla hawajaonana. Na pigo hilo peke yake halileti saratani: ufunguo wa pili bado upo, na hata huo ukipotea, seli inahitaji makosa mengine ndipo isambae. PBRM1 huharibika katika takribani 40 kati ya kila saratani 100 za aina hii. SETD2 na BAP1 kila moja katika 10 hadi 15 hivi, na zenye BAP1 mbovu kwa kawaida ni kali zaidi. Makosa hayo hujikusanya kwa miongo. Sigara, unene uliozidi na shinikizo la damu la muda mrefu huongeza uwezekano wa kufika mwisho wa safari hiyo, kwa hiyo aliye na miaka 45 akiacha sigara leo hajachelewa. Ila hakuna mlo wa mwaka jana uliomletea mtu saratani ya figo mwaka huu, na ningependa jambo hilo liambiwe kila mke anayekaa kwenye benchi la kliniki akijiuliza alikosea wapi.

Makosa hayagawanyiki sawasawa ndani ya uvimbe pia. Mwaka 2012 watafiti wa London walikata vipande kadhaa vya uvimbe mmoja wa figo, wakakuta kila kipande kina makosa yake, juu ya yale yanayoshirikiwa na vyote. Ni mwembe: shina moja, ambalo ni kupotea kwa VHL, na matawi yaliyoota kila moja kivyake. Kinyama kimoja cha sindano kinasoma tawi moja. Madaktari wakitofautiana kuhusu majibu, mara nyingine ni kwa sababu hiyo.

Selimundu, na watoto wenye tumbo

Nilichopasua ubaoni kina sehemu ya ndani pia, na huko ndani kuna habari inayotuhusu sisi kuliko Ulaya. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi. Chembe nyekundu zenye protini ya selimundu hujikunja kwa urahisi katika mazingira kama hayo, hata kwa mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na haumwi. Kwa watu wachache sana wa namna hiyo, hasa vijana, hutokea saratani ya sehemu hiyo ya ndani. Madaktari wa Marekani waliieleza mwaka 1995. Kosa lake liko mbali na kromosomu ya tatu: ni kupotea kwa jeni ya SMARCB1 katika kromosomu ya 22. Huja mara nyingi zaidi figo ya kulia, na ni kali.

Uganda watu wapatao 13 katika kila 100 wanabeba selimundu kwa upande mmoja. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania ni karibu mmoja katika watano. Nasema wazi ili nisizue hofu mpya: saratani hii humpata mbebaji mmoja katika makumi ya maelfu. Mbebaji hana sababu ya kuishi akiisubiri. Kijana wa miaka 20 anayejijua ni mbebaji, akiona damu kwenye mkojo au maumivu ya ubavu yasiyoisha, amtajie daktari kwamba ana selimundu upande mmoja. Taarifa hiyo inabadilisha anachotafuta daktari.

Na hapo kuna kosa tunalolifanya sana pwani na Kanda ya Ziwa. Tumekulia kwenye mabwawa na mito, tumeona wenzetu wakikojoa damu, tunasema ni kichocho. Kwa mtoto mara nyingi ni kweli. Kwa mtu wa miaka 50, mkojo mwekundu hata mara moja, hata bila maumivu, unahitaji altrasaundi, na vidonge vya kichocho visichukue nafasi ya kipimo. Baba mdogo alitumia miezi minne akirudi duka la dawa.

Watoto wadogo wana saratani yao ya figo, inayoitwa uvimbe wa Wilms kwa jina la daktari wa upasuaji Mjerumani, Max Wilms, aliyeieleza mwaka 1899. Huja zaidi kabla ya miaka mitano. Chanzo chake ni seli za figo za mtoto aliye tumboni ambazo zilitakiwa kukomaa na hazikukomaa. Jeni ya WT1 katika kromosomu ya 11 ni mojawapo ya zinazohusika. Hapa pia kurithi ni nadra. Kwa kawaida mama ndiye anayeugundua akimwogesha mtoto: upande mmoja wa tumbo ni mgumu, na mtoto anacheza kama kawaida. Majirani watasema minyoo, watasema bandama. Apelekwe hospitali, na tumbo lisibinywebinywe njiani, maana uvimbe unaweza kupasuka. Ukiwahiwa, huu ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi.

Alama inayoachwa na sumu

Kuna sumu zinazoandika sahihi yake kwenye maandishi ya seli. Katika vijiji vya wakulima kando ya matawi ya mto Danube, katika nchi kama Serbia, Bosnia, Kroatia na Romania, watu waliugua figo na saratani za njia ya mkojo kwa vizazi, na ikadhaniwa ni ugonjwa wa koo. Chanzo kilikuwa gugu liitwalo Aristolochia lililoota kati ya ngano. Mbegu zake zilisagwa pamoja, zikaliwa kwenye mkate. Sumu yake hugeuza herufi ya A kuwa T katika mpangilio unaotambulika. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza mchanganyiko wa kupunguza unene wenye mmea wa jamii hiyo, na baadhi yao wakapata saratani.

Naheshimu waganga wa mitishamba, bibi yangu alikuwa mmoja wao. Ila chupa isiyo na jina la mmea, inayouzwa stendi kwa ajili ya "kusafisha figo", siwezi kumshauri mtu ainywe.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa saratani 962 za seli angavu kutoka nchi 11. Japani ilionekana na alama yake ya pekee katika zaidi ya wagonjwa 70 kati ya kila 100, na sumu iliyoiandika bado haijatambuliwa. Katika nchi hizo 11 hakuna hata moja ya Afrika. Alama zilizomo katika figo zetu, kama zipo, bado hazijasomwa kwa kiwango hicho, na hilo linaniuma.

Kisu, na figo moja

Jambo lililokaribia kumgharimu baba mdogo maisha ni usemi kwamba kansa haiguswi na chuma, kwamba ikikatwa inasambaa. Usemi huu una asili yake. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati saratani imeshatoka nje ya figo. Wanapasuliwa, wanafariki baada ya miezi, na kisu kinabeba lawama. Saratani husambaa kwa sababu seli zake zimepoteza maagizo ya kukaa mahali pake, na zinafanya hivyo kisu kiwepo kisiwepo. Uvimbe ulio bado ndani ya figo, ukiondolewa, mara nyingi ndio mwisho wake. Na kuondolewa figo moja hakumaanishi mashine ya kusafisha damu. Aliye na figo moja nzima anaweza kuishi miaka mingi.

Ujuzi wa mbiu umezaa dawa pia. Tangu 2006 kumekuwa na sunitinib, inayoziba masikio ya mishipa ya damu isisikie agizo la kuota. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha belzutifan, inayoishika HIF yenyewe, kwanza kwa ajili ya wenye ugonjwa wa von Hippel-Lindau. Bei zake bado ni mlima kwa familia kama yetu.

Likabaki swali la yule binti. Daktari anashuku kurithi pale mgonjwa anapokuwa chini ya miaka 46 hivi, au uvimbe uko figo zote mbili, au ni mwingi, au ndugu wa karibu wameugua figo, uvimbe wa macho, wa ubongo, wa tezi iliyo juu ya figo. Hapo hupimwa damu ya mgonjwa kwanza, na ikipatikana kosa la kurithi ndipo watoto wanapimwa. Katika von Hippel-Lindau kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Baba mdogo ana miaka 61, uvimbe mmoja, sentimita 5, figo moja.

Hata hivyo binti alichukua karatasi, akachora ukoo mzima nyuma ya kalenda ya mwaka jana, akampigia shangazi simu kumuuliza nani alikufa na nini na akiwa na umri gani. Bibi, uzazi. Baba mkubwa, ajali ya lori. Shangazi mkubwa, kisukari. Kwa babu mzaa mama wa baba mdogo, binti aliandika tu "tumbo, uzeeni". Siku ya kliniki alimpa daktari ile karatasi. Daktari aliipitia jina kwa jina kwa kalamu, akauliza maswali mawili kuhusu macho ya mashangazi, akaiweka ndani ya faili. Watoto hawakuandikiwa kipimo.